Bi Hafswa na Salimu Wawili

Hafswa binti Kombe alizaliwa Funzi akaolewa Ukunda, na kwa miaka mingi ndoa yake ilikuwa ndoa ya barua. Mumewe Idris alikuwa fundi wa mitambo kwenye meli za mizigo. Barua ya kumwarifu mkewe kwamba anaumwa ilikuwa ikifika siku ambayo yeye mwenyewe amesimama mlangoni, mzima, anauliza kama chai iko tayari. Hafswa alicheka, lakini zile wiki za kungoja hakuzisahau.

Idris ndiye aliyeleta habari za barua pepe. Katika bandari moja ya mbali alikuta nyumba ya mabaharia yenye kompyuta, akamwona Mfilipino akimwandikia mkewe na kujibiwa kabla meli haijang'oa nanga. Aliporudi nyumbani alisimulia habari hiyo mpaka Hafswa akaikariri. Wakati huo Hafswa alikuwa mpiga chapa katika ofisi moja kule Kwale, vidole vyake vyepesi kama vya msusi. Idris alipostaafu kwa sababu ya goti, Hafswa naye aliacha kazi, wakakodi chumba kando ya barabara iendayo Diani. Ndani wakaweka simu, kompyuta moja, na kidude cheusi cha ukubwa wa msahafu mdogo kinachoitwa modemu.

Watu walipouliza modemu ni ya nini, Hafswa aliwaeleza kwa subira. Kompyuta ina lugha yake, na waya wa simu haukutengenezwa kupitisha lugha hiyo, unapitisha sauti tu. Basi modemu huyageuza maneno ya kompyuta yakawa mlio, mlio ukasafiri kwenye waya hadi Mombasa, na huko modemu nyingine ikaugeuza ukawa maneno tena. Mlio wenyewe ulikuwa wa kukwaruza, kama paka wawili ndani ya debe. Wauza duka wa jirani wakiusikia walijua kwamba Bi Hafswa anavuta barua.

Anwani ilikuwa moja kwa watu wote. Kijana wa Msambweni aliye Rotterdam, binti wa Tiwi aliye Jeddah, wote waliandika kwenye anwani ile ile ya Bi Hafswa, wakataja juu kabisa barua ni ya nani. Yeye aliichapa, akaikunja, akaipeleka kwa mguu au akamkabidhi mtu anayekwenda upande huo. Shule hakuenda sana, lakini watu na nyumba zao aliwajua.

Kazi ilipozidi alinunua kompyuta ya pili, na hapo ndipo shida ilipoanza. Laini ilikuwa moja. Mmoja akiingia kwenye intaneti, mwingine alikaa akitazama kioo kitupu. Watalii walinuna, wanafunzi wakanung'unika. Hafswa akamwita Maweu, kijana wa Kikamba ambaye wazazi wake walihamia Shimba Hills kwenye mashamba ya serikali, na ambaye sasa alikuwa akizifungia hoteli za Diani mitambo ya kompyuta. Maweu alikuja na kisanduku cha kijivu chenye taa ndogo ndogo mbele. Hoteli moja ilikuwa imebadilisha mitambo yake, hicho kikawa hakina kazi.

"Mama, hii kitu inaitwa ruta," alisema.

"Kitu hiki," Hafswa alimsahihisha.

"Sawa. Kitu hiki." Alichutama akaanza kuunganisha nyaya. Kila kompyuta aliitolea waya wake mpaka kwenye kile kisanduku, na kisanduku akakiunga na modemu. Akamweleza kwamba ruta huipa kila kompyuta namba yake. Kompyuta ikitaka kitu, ombi lake hukatwa vipande vidogo vidogo, na kila kipande hubandikwa namba mbili, ya kinakotoka na ya kinakokwenda. Ruta huvipokea, ikakumbuka ni kompyuta gani iliyouliza, ikavipitisha kwenye simu. Jibu likirudi, huangalia kumbukumbu yake na kulipeleka kwa mwenyewe.

Hafswa aliuliza itakuwaje wawili wakiomba kwa pamoja. Maweu akasema vipande vyao hupishana kwenye laini moja, kimoja cha huyu, kimoja cha yule, kwa haraka kiasi kwamba kila mmoja huona amepewa njia yake, ingawa polepole kidogo.

"Na barua zangu? Itazitenga hii ya nani na hii ya nani?"

"Hapo haina habari, Mama. Ruta inajua kompyuta, haijui watu. Watu ni kazi yako."

Hafswa alifurahi kusikia hivyo. Aliifumia ruta kitambaa, Maweu akamsihi akiondoe kwa kuwa kingeziba matundu ya hewa, naye akakikunja akakiweka chini yake.

Nyuma ya soko la Ukunda alikaa mjane mmoja, Bi Mwanamisi. Mwanawe wa pekee, Salimu, alikuwa baharia, na kwa zaidi ya mwaka hakuwa ameandika hata neno. Kila asubuhi Bi Mwanamisi alipita ofisini akienda kununua nazi, akasimama kizingitini, akasalimia vizuri, kisha akauliza kama kuna lolote. Hafswa alijibu, "Bado, inshallah." Lile neno bado lilimchoma yeye kuliko lilivyomchoma muulizaji.

Baada ya mvua za masika ukaja ujumbe mfupi. "Mwambie mama nafika Ijumaa. Salimu." Jina la mama halikuandikwa. Anwani iliyouleta ilikuwa ya wakala wa meli, inayotumiwa na mabaharia wote. Hafswa alimjua Salimu mwingine, mtoto wa Bi Mejumaa wa Tiwi, lakini huyo alikuwa mwandishi wa kurasa nzima, mwenye kuulizia hadi hali ya kuku. Mwenye maneno machache ni nani kama si yule aliyenyamaza? Hafswa hakungoja kufikiri mara ya pili. Alitoka na ile karatasi mkononi, ofisi akamwachia Idris, akaenda mbio mpaka nyuma ya soko.

Bi Mwanamisi alikaa kitako uani, akaomba asomewe tena. Juma lile alipaka nyumba chokaa, akaazima sufuria, akawaalika majirani.

Ijumaa, baada ya sala, Hafswa alikuwa amejifunga leso yake mpya anajiandaa kufunga ofisi, akaingia kijana mrefu mwenye begi begani. Akamwamkia shikamoo. Alikuwa Salimu wa Tiwi.

"Nimemkuta mama hana habari, karibu azimie," alisema akicheka. "Ujumbe wangu haukufika? Niliandika kwa haraka, kulikuwa na watu nyuma yangu wanangoja."

Hafswa aliketi. Alimweleza yote bila kujitetea, na kijana akaacha kucheka. Akataka wafuatane. Hafswa akamwambia angoje. Jambo hili alilibeba peke yake alipolipeleka, na kulirudisha atalibeba peke yake.

Alimkuta Bi Mwanamisi jikoni, anapanga makaa juu ya kifuniko cha sufuria ya pilau. Hafswa alikaa juu ya mbuzi ya kukunia nazi, akasema. Alisema jinsi ujumbe ulivyokuwa, na jinsi moyo wake ulivyotaka uwe wa nyumba hii. Bi Mwanamisi aliendelea kupanga makaa mpaka la mwisho.

"Kwa hiyo aliyekuja ni wa mwenzangu."

"Ndiye, Bi Mwanamisi. Nisamehe."

"Na mamake amempikia?"

"Hakupika. Hakuwa na habari."

Mjane alijifuta mikono kwenye leso. "Pilau hii imepikwa kwa jina la Salimu. Mwambie aje ale, amlete na mamake."

Wakaja. Majirani walikwisha kunong'onezana, lakini Bi Mwanamisi alimkaribisha kijana kwa heshima zote, akampakulia nyama iliyonona, akamsimamia mpaka akashiba. Kisha akaingia chumbani. Bi Mejumaa akamfuata, mlango ukarudishwa, na wale wanawake wawili walikaa humo muda mrefu. Walipotoka walikuwa wameshikana mikono kama ndugu.

Salimu hakukubali mambo yaishie kwenye sahani. Kesho yake alikwenda ofisini akaketi kwenye kompyuta moja, Hafswa kwenye nyingine. Idris alikaa kati yao, mguu umenyooshwa juu ya kigoda, akiwatajia meli, mawakala na mabaharia wenzake wa zamani. Waliandika kwa kila bandari waliyoweza kuikumbuka, wakimuulizia mwana wa Bi Mwanamisi. Taa za ruta zilimetameta mchana kutwa, na Maweu, aliyepita kuangalia kama yote ni salama, alijikuta ametumwa chai.

Majibu mengi yalisema hawamjui. Mengine hayakuja. Salimu wa Tiwi akarudi baharini. Kisha ukaingia ujumbe kutoka Durban, chini umeandikwa Salimu.

Safari hii Hafswa hakuinuka kitini. Aliandika kwanza: mama yako ni nani, na nyumbani alikuwa akikuitaje? Bi Mwanamisi alipita asubuhi iliyofuata, akauliza, na Hafswa alimjibu bado. Neno hilo halijawahi kuwa zito vile.

Jibu lilikuja mchana. "Mama yangu ni Mwanamisi. Nilipokuwa mdogo aliniita Tasi, kama yule samaki, kwa sababu nilikuwa sitoki majini." Halafu akaeleza. Mkono uliumia melini, akashushwa, akapata kibarua katika ghala la samaki. Aliona haya kurudi mikono mitupu, na kila mwezi uliopita ukazidisha haya.

Hafswa hakuipeleka karatasi. Alimleta Bi Mwanamisi mwenyewe ofisini, akamkalisha mbele ya kioo, akamsomea kila neno kwa kidole. Kwenye Tasi mjane alicheka, tena kwa sauti, na machozi yakaja baadaye. Hafswa akamwambia aseme lolote analotaka, ataandika yote kabla modemu haijapiga simu Mombasa, kwa hiyo asifanye haraka. Bi Mwanamisi alitafakari.

"Mwambie nyumba imepakwa chokaa," alisema. "Mwambie mikono mitupu si kitu, mimi ndiye niliyeizaa."

Salimu alirudi kabla ya Ramadhani, amekonda, kidole kimoja hakikunjiki. Bi Mejumaa ndiye aliyepika siku hiyo, akataka sufuria zote zitoke Tiwi.

Hafswa naye aliwaandikia watoto wote walio mbali kwamba kuanzia sasa jina la baharia peke yake halitoshi. Wakatii. Barua zikawa zinakuja kutoka Antwerp, kutoka Mumbai, kutoka Dubai, chini yake pameandikwa Salimu wa Mejumaa, Zahoro wa Mwanasha, Salimu wa Mwanamisi. Aliyasoma majina hayo kwa sauti kila alipozichapa barua, na Idris, kwenye kiti chake karibu na mlango, aliwaitikia kina mama hao mmoja mmoja kana kwamba wamepita barabarani.