Mawe Meupe Kati Yangu na Clyde

Pale Quail Bend, mtaa wetu wa nyumba za magurudumu, hakuna aliyenishinda mdomo. Mimi Delbert Haskins, fundi bomba mstaafu, kiwanja namba kumi na nne. Nyumba zilikuwa zetu, ardhi ya bibi mmoja tuliyemlipa kodi. Alipokubali kutuuzia, kila mtu kiwanja chake na hati yake, ni mimi niliyepita mlango kwa mlango kukusanya saini. "Haki ya mtu isiguswe!" nilikuwa nabwata. Nikikumbuka, natamani ardhi ipasuke inimeze.

Maana haki ya mtu nilikuwa nimeshaigusa zamani.

Tulipokuwa wapangaji, mipaka yetu ilikuwa mawe tu. Kila Mei tuliyang'oa, tukayapaka rangi nyeupe, tukayarudisha kwa kukadiria kwa macho. Mwaka aliokufa mke wangu Nadine nilitaka pa kupanda mawaridi aliyokuwa akiyapenda. Nikayarudisha mawe hatua moja ndani kwa jirani. Mwaka uliofuata, hatua nyingine. Jirani zangu, Clyde na Marvella Opdyke, hawakusema kitu. Marvella aliendelea kuniletea mkate wa mahindi, nami nikaula bila haya.

Kisha Clyde akapigwa na kiharusi, akawa wa kiti cha magurudumu. Marvella akaita seremala ajenge njia ya mbao ya mteremko hadi mlangoni. Seremala akapima toka ukutani hadi kwenye mawe, akatikisa kichwa.

"Hapatoshi, mama. Labda jirani akupe kidogo."

"Mpaka ni mpaka," Marvella akajibu, akanitazama.

Nilikuwa palepale, mpira wa kumwagilia mkononi. Nikamwagilia mawaridi yangu. Kwa miaka miwili tulimbeba Clyde kwenye ngazi, mimi nikishika miguu, Marvella mabega, na kila tukimfikisha juu alisema kwa ule mdomo wake uliopinda, "Asante, Del." Mungu wangu!

Basi akaja mpima ardhi, binti mmoja mwenye kofia pana. Bila kupima, hakuna hati. Mtaa mzima ulitoka na viti vya kukunja na kahawa kumtazama. Akapiga hesabu zake, akaja kwangu, akagongelea chuma cha mpaka halisi katikati ya mawaridi.

"He! Mzee Del!" akapiga kelele Rosalío wa namba tisa. "Maua yako yameingia kwa watu bila hodi!"

Wakacheka. Halafu wakaona njia ya mbao ingepita wapi, kicheko kikakatika kimoja kimoja.

"Labda mvua iliyasukuma mawe," nikasema.

Mvua! Huku kwetu, ambako inanyesha mara nne kwa mwaka! Hata binti wa kupima aliinamisha kichwa kwa kunionea aibu.

Jioni ile nilibisha kwa Marvella.

"Dada Marvella, yale mawe..."

"Clyde alikuona tangu Mei ya kwanza," akasema. "Alikuwa dirishani. Nilitaka kutoka nikuchambe, akanishika mkono. Akasema, 'Mwache apande, hana tena wa kuongea naye.'"

"Na siku ya seremala?"

"Siku ile tulikungoja useme mwenyewe."

Hakupandisha sauti. Afadhali angenitukana.

Asubuhi nilichukua koleo nikang'oa kila shina, mawaridi yote kumi na moja, nikayatupa kwenye pipa la taka. Niliogopa kuyatazama. Seremala akarudi, nami nikambebea mbao bila kuitwa. Wiki ya pili Clyde akateremka mwenyewe, mkono mmoja kwenye gurudumu, Marvella akimfuata nyuma. Majirani wakapiga makofi. Alipofika chini akasimamisha kiti kando ya udongo mtupu.

"Maua ya Nadine... wapi?"

"Nimeyang'oa, Clyde. Ni ardhi yako."

Tangu tujuane sikuwahi kumwona amekasirika. Siku ile alikasirika hadi shavu lake lisilopooza likatetemeka.

"Mjinga wewe. Nilikuwa... nayatazama... kila siku."

Nikasimama pale, mimi mwenye mdomo, nikiutazama ule udongo mtupu. Marvella akanizunguka na kiti, wakaenda kuisalimia barabara.