Farasi Kati Yangu na Mama Mkwe

Kazi ni kazi. Maneno hayo nimeyasikia sana, na kila mara yalisemwa na mtu mwenye kazi nyingine. Mimi nilikuwa karani wa mradi mmoja uliokuwa na ofisi Kigobe. Nilikaa kwenye kiti kinachozunguka na kuvaa shati la mikono mirefu hata joto likipanda. Mradi ulipofungwa nilitembeza karatasi zangu mji mzima mpaka zikachakaa pembeni. Kisha jirani yangu wa Nyakabiga akanieleza kwamba kuna zizi la farasi, hukohuko Kigobe nyuma ya nyumba za wakubwa, na wanatafuta mtu wa kulisha, kusafisha na kuongoza farasi. Nilikwenda nimevaa lile shati. Nilirudi nikinuka.

Nimekulia Bujumbura, lakini wazazi wetu, wangu na wa mke wangu, walivuka Ruzizi kutoka upande wa Uvira, na walipovuka hawakuacha adabu zao ng'ambo. Kwetu mama mkwe ni mtu wa kuogopwa. Humtazami usoni. Huli mbele yake. Hutembei naye sambamba; akitokea njiani, unapisha. Ukimsalimia unainama, unampa mkono wa kulia, na wa kushoto unashika kiwiko chako mwenyewe, ili aone kwamba mikono yote miwili iko kwake na hakuna uliobaki na shughuli nyingine. Neno zito kati yenu hupitia kwa mtu wa tatu, shemeji au shangazi, na kama hakuna mtu, mtu atazungumza na kuku, mradi asimsemeshe mwenzake moja kwa moja.

Mke wangu alipojifungua mtoto wetu wa kwanza, mama yake alimchukua kwake Mutanga Nord ili amtunze kama desturi inavyotaka, kwa uji, maji ya moto na usingizi. Desturi inataka pia kwamba mtoto akishapata nguvu, binti arudishwe kwa mumewe. Mtoto alipata nguvu. Alinenepa mashavu, akaota meno, akaanza kukaa mwenyewe, na mke wangu hakurudishwa. Kila nilipomtuma shemeji aulize, jibu lilikuwa lilelile, mtoto bado. Nilidhani najua maana yake. Mama mkwe alikuwa ametoa binti yake kwa karani wa ofisi, si kwa mtu wa kuzoa samadi. Shemeji aliniambia, huku akicheka, kwamba mama bado anawaambia wenzake wa kwaya kuwa mkwe wake anafanya "mu biro", yaani kazi ya ofisini. Sikucheka.

Basi nikawa mtu wa kujificha. Jumapili nilijisugua kwa sabuni mpaka ngozi ikauma, nikavaa shati langu la karani, nikapita vichochoro vya nyuma na kufika jua likiwa linazama, ili majirani wasinione vizuri. Nilikaa sebuleni kama mgeni. Mama mkwe alibaki upande wa pili wa pazia, na mke wangu aliniletea mtoto bila kusema mengi. Nilipompakata, mtoto alinusa shingo yangu, akapiga chafya. Hakuna sabuni ya kumdanganya mtoto.

Zizini nilikuwa chini ya mama mmoja Mrundi, mkali, aliyefundisha watu kupanda na kuongoza farasi kwa miaka mingi. Siku ya kwanza nilimvuta farasi kama mtu anayevuta mbuzi wa sikukuu: nimemgeukia uso kwa uso, kamba nimeizungusha mkononi, uzito wangu wote nimeutupa nyuma. Farasi huyo, jike mzee wa rangi ya kahawia, alinitazama tu. Mwalimu alikuja akaifungua kamba mkononi mwangu na kuniuliza kama vidole vyangu navipenda. Farasi akishtuka, alisema, anaondoka na mkono wako. Kamba inakunjwa kama nguo na kushikwa katikati, haizungushwi. Alinisimamisha kushoto kwa farasi, kati ya kichwa na bega, mkono wangu wa kulia karibu na kidevu chake, wa kushoto ukishika kamba iliyobaki. Ukigeuka, alinieleza, unamsukuma kichwa aende upande wake wa kulia, maana ukimvuta kwako atakukanyaga. Akikutoka usimkimbilie, utamfundisha mbio. Na utazame unakokwenda. Ukitazama miguu yako atasimama, kwa sababu hajui unampeleka wapi.

Hilo la mwisho ndilo lililonishinda. Tangu nipoteze ofisi, macho yangu yalikuwa chini muda wote, na yule jike alikuwa akisimama kila tukifika katikati ya uwanja. Nililaumu kwato zake, nikalaumu nyasi, nikamlaumu hata mwalimu moyoni. Lakini nilijifunza. Asubuhi moja nilitazama mlango wa zizi badala ya viatu vyangu, na farasi akaja nami, bega kwa bega, kamba imelegea. Nilifurahi kama mtoto, kisha nikaona haya kwa kufurahi. Mtu mzima mwenye diploma anafurahi kutembea na mnyama.

Kisha familia moja ya Mutanga Nord ikaomba farasi kwa sikukuu ya mtoto wao, watoto wapandishwe kwenye bustani. Mwalimu alichagua Jumamosi asubuhi. Jumamosi ni siku ya kazi za jamii, magari hayatembei mpaka kazi iishe, na yeye aliomba ruhusa ya kupita wakati huo ili farasi asikutane na honi. Kuhusu magari hakukosea. Lakini watu je? Mtaa mzima hutoka na majembe, mafagio na toroli, kila mtu anazibua mfereji wa mbele ya nyumba yake. Nilipojua njia tutakayopita nilimwomba tupite nyingine. Aliuliza sababu, nikasema jua. Akasema ile nyingine ina mbwa waliofunguliwa, na jua ni lilelile. Njia yake ilikuwa barabara ya mama mkwe.

Tulitoka. Mwalimu alitangulia mpaka kona ya mbele kuangalia kama ni salama, nikabaki peke yangu na yule jike. Nilikuwa na ovaroli ya zizi, viatu vya mpira, na kofia ngumu iliyonifanya nionekane fundi wa umeme aliyepotea. Watu waliegemea majembe yao. Mmoja aliuliza kama huyo ni punda aliyesoma, wakacheka, na mimi nikacheka nao meno ya juu tu. Niliomba Mungu mama mkwe awe kwenye maombi, au amelala, au mgonjwa kidogo, Mungu anisamehe.

Alikuwa ndani ya mfereji, na jembe. Aliinuka akanitazama, na bamama, wanawake jirani zake, wakaacha kufagia. Nilipanga kumsalimia kwa sauti, kutoka hapo nilipokuwa, na kupita. Mwalimu angekubali hivyo. Lakini mama mkwe alipanda kutoka mfereji, akafuta mkono wake kwenye kitenge, akaja mpaka kwenye bega la farasi na kunyoosha mkono mbele ya watu wote.

Sikuamua lolote. Mwili uliamua, kama ulivyofundishwa tangu utotoni. Nilitazama chini, nikainama, mkono wa kulia ukaenda kwake, wa kushoto ukaenda kwenye kiwiko. Kamba ikabaki haina mtu.

Yule jike alisimama vizuri, lazima niseme haki yake. Angeweza kusimama mpaka salamu iishe, kama mtu wa ng'ambo ya barabara asingemwaga toroli la mawe. Farasi aliruka pembeni, bega lake likamsukuma mama mkwe, na mama mkwe akarudi mferejini kinyumenyume. Kitenge kilifunguka. Mimi, ambaye sikuruhusiwa hata kuutazama uso wake, niliona. Niliinua macho juu haraka, nikayatazama mawingu, na masikio yangu yakawaka moto. Mpaka leo nikikumbuka yanawaka.

Nilisimama katikati ya mambo mawili nisiyoweza kuyafanya. Kumshika mama mkwe na kumwinua ni mwiko kwetu. Kumwacha farasi barabarani ni kosa la kufukuzwa kazi, na la hatari. Nikampa mama mkwe mgongo, nikamfuata farasi. Nyuma yangu nilisikia bamama wakimwinua na kumfunga kitenge, na mmoja wao alishindwa kuzuia kicheko. Sikukimbia. Nilitembea pembeni, polepole, mpaka kwenye bega la kushoto la farasi, nikachukua kamba na kuikunja. Alikuwa amesimama kando ya ua, anakula mboga za lengalenga. Sikuhitaji kuuliza lengalenga hizo ni za nani.

Nilipogeuka, mama mkwe alikuwa amekuja. Ana matope mpaka shingoni. Hakuja upande wangu. Alisimama upande wa pili wa farasi, kulia, ambako haruhusiwi kusimama mtu farasi anapoongozwa, nami sikuwa na kinywa cha kumwambia. Nilishika kamba karibu zaidi na kidevu. Alianza kutembea kuelekea kwenye lango lake, kwa hiyo tukatembea, yeye huko, mimi huku, na yule mnyama katikati amekuwa pazia letu. Nilingoja kuambiwa kwamba sitamwona mke wangu tena.

Mama mkwe alimsemesha farasi, akimwita nyama, yaani mnyama kwa Kiswahili cha kwetu.

"Nyama, ambia mukwe wangu: nilitoka mu mufereji ili watu waone namusalimia na hii kazi yake. Nilichoka kudanganya watu ya kwaya."

Baada ya hatua chache nilimwambia farasi kwamba amwombe mama radhi, na kwamba najua sasa mama hatamrudisha binti yake.

Mama mkwe akaongea tena, kwa sauti ya chini, bado na farasi.

"Muambie hapana mi ndiye nakataza. Ni bibi yake, mutoto wangu, anakataa. Anasema mwanaume anakuja kwake magaribi kama mwizi, na nguo ya kazi yenye alishapoteza. Anasema hataishi na mutu mwenye anajificha."

Farasi alisimama. Nilimhimiza kwa mdomo, hakusogea. Ndipo nilipogundua kwamba nilikuwa nikitazama chini.

"Ile ni heshima, mama," nilisema. Adabu iliniponyoka, nikamsemesha yeye mwenyewe.

"Ile ya kunisalimia ilikuwa heshima," alisema. "Hii ingine haiko heshima. Hii ni haya."

Niliinua macho. Langoni, hatua chache mbele, mke wangu alikuwa amesimama na mtoto mkononi. Kelele zilikuwa zimemtoa ndani. Aliiona kofia, ovaroli, viatu vya mpira, mama yake mwenye matope, na majani ya lengalenga yakining'inia kwenye mdomo wa farasi. Nilitaka ardhi ipasuke. Alishika mdomo, mabega yakimtikisika, na sikujua kama analia au anacheka. Farasi alitembea mpaka kwake, maana huko ndiko nilikokuwa natazama. Mtoto alinyoosha mikono kwangu. Nilimwambia siwezi kumchukua, mikono imeshika kamba, na mara hii sikuiachia.

"Peleka kwanza hii nyama ku watoto wanaingojea," mke wangu alisema. "Kisha urudi vile uko. Usibadilishe nguo."

Mwalimu alikuwa ameona yote kutoka kwenye kona. Nilipomfikia hakuuliza yule mama ni nani. Aliuliza ni mkono upi ulioachia. Nikasema yote miwili. Alitikisa kichwa, akampapasa farasi shingoni, akasema tutaongea Jumatatu, na njia yote iliyobaki alitembea nyuma yangu badala ya mbele.

Watoto walipandishwa, walicheka, walilia kushushwa. Nilimrudisha yule jike zizini, nikampa maji, nikamfuta jasho. Ndoo yangu ya kuogea ilikuwa palepale, na shati la karani lilining'inia kwenye msumari. Nilisimama mbele yake muda mrefu kuliko inavyofaa kusimama mbele ya shati. Nikatoka hivyohivyo.

Kwenye kona ya kile kichochoro cha Jumapili miguu iligeuka yenyewe kuelekea nyuma ya nyumba. Nikairudisha. Nilipita barabara kubwa, mchana, na wale waliokuwa na majembe asubuhi sasa walikuwa wamekaa mbele ya nyumba zao. Waliniita, waliniuliza punda wangu yuko wapi. Niliona haya kila hatua. Sitadanganya kwamba iliisha, haikuisha, ila nilitembea nayo nikitazama mbele.

Mama mkwe alikuwa ameoga, amekaa kwenye kiti barazani. Nilimwinamia, nikampa mkono wa kulia, wa kushoto ukashika kiwiko. Aliushika mkono wangu, akaushika sana. Alipouachia alikinusa kiganja chake waziwazi, bila kuficha, kisha akaingia ndani kumfunga mtoto mgongoni kwa binti yake, tayari kwa njia ya kwetu.