Mwalo Ule Mwingine

Mama yangu alinichapa mara mbili tu utotoni, na mara zote mbili kosa lilikuwa maji. Nilikuwa nachunga ng'ombe huko kwetu Tinde, na lambo la kuwanyweshea nililigeuza bwawa langu la kuogelea. "Lile lambo lina mwenyewe," aliniambia huku anatafuta fimbo nyingine, kwa kuwa ya kwanza ilikuwa imevunjika.

Kwa hiyo nilipoamua, mtu mzima mwenye ndevu, kuacha kuchimba dhahabu Geita na kuwa mwalimu wa michezo ya majini, sikuogopa mamba wala mawimbi. Niliogopa kumpigia mama simu.

Kazi ya duara, yaani shimo la kuchimbia, ilikuwa imenishinda. Asubuhi moja duara la jirani liliporomoka. Wote walitolewa wazima, lakini tangu siku hiyo miguu yangu ilikataa kushuka. Wakati huohuo mama mmoja mwenye kambi ya mapumziko kando ya ziwa alikuwa anatafuta mtu wa kufundisha wageni kupiga kasia na kuogelea. Tulijitokeza wachimbaji tisa. Wanane walijua kuzama tu. Mimi nikapelekwa Mwanza kusomea uokoaji, na nilirudi nikiwa na cheti, filimbi na kaptura fupi kuliko heshima yangu.

Nikapiga simu.

"Shikamoo mayu. Nimeacha duara."

Nikasikia anamshukuru Mungu kwa Kisukuma, taratibu, akimtaja kwa majina yake yote, moja moja. Miaka yote niliyokaa chini ya ardhi alikuwa halali vizuri msimu wa mvua.

"Sasa uko wapi, ng'wana wane?"

"Niko mwaloni."

Hapo ndipo nilipodanganya bila kusema uongo. Kwa watu wa ziwani, mwalo ni pale mitumbwi inapotia nanga. Kwa sisi wa dhahabu, mwalo ni pale mchanga uliosagwa unapooshwa juu ya ubao uliotandikwa blanketi, ili dhahabu inase kwenye manyoya. Mama alijua mwalo mmoja tu, tena nilimfundisha mimi mwenyewe. Nilisikia anavyofurahi, nikakosa moyo wa kumfafanulia. Nikasema mtandao unasumbua.

Baada ya wiki moja kina mama wa kwaya yake wote walijua kwamba mwanaye kapanda cheo, yuko juani, anaosha dhahabu. Baada ya miezi mitatu akaja bila taarifa, akaniulizia njiani, "yule wa mwaloni", nao wakamwelekeza ziwani.

Alinikuta katikati ya somo. Wanafunzi wangu siku hiyo walikuwa wachimbaji waliokuja kustarehe, nao kasia walilishika kama sululu. Mmoja alipinduka na chombo chake cha plastiki. Badala ya kuogelea alinyoosha mikono juu na kupiga kelele, "Vuta! Vuta!" kama tunavyowaitia wenzetu wa juu watuvute kwa kamba. Maji yalikuwa yanamfika kiunoni. Nilikuwa nacheka hadi filimbi imenitoka mdomoni, ndipo nikamwona mama amesimama mchangani, kitenge kimefungwa vizuri, blanketi jipya kwapani.

"Marahaba," alisema kabla sijamwamkia. "Nimekuletea blanketi. La zamani huenda linapitisha dhahabu."

Kisha akalitazama ziwa, akanitazama mimi na kaptura yangu.

"Dhahabu iko wapi?"

Niliona aibu kweli. Nikamweleza yote: duara lililoporomoka, miguu, cheti, mwalo ule mwingine. Nikategemea atafute fimbo. Hakutafuta. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Umetoka chini ya udongo ukaingia chini ya maji. Mimi nitalala lini?"

Nikamwonyesha jaketi la kuelea. Nikamwambia mwenye kuvaa hili hazami hata akitaka. Alilibonyeza, akalinusa, akaligeuza ndani nje, akitafuta ulipo ujanja. Mama yangu ni mnene, na anajivunia unene wake.

"Nivalishe. Likininyanyua mimi, wewe litakunyanyua."

Tuliingia na kitenge chake. Alinishika shingo kwa nguvu nikakosa pumzi, akaniamuru nimwachie, akanizuia nisimwachie, akaniamuru tena. Nikamwachia. Alielea. Alilala chali juu ya ziwa, amefumba macho, vidole vya miguu vimetokeza, na wachimbaji wangu wote wakapiga makofi. Alifumbua jicho moja akawaambia wanyamaze, yuko kazini.

Alipotoka nilimfunika lile blanketi. Akakaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa, anatetemeka kidogo, ndipo simu yake ikaita. Alikuwa mwenyekiti wa kwaya, anataka kujua kama kafika na kama mambo ya dhahabu ni kweli.

Mama alinikazia macho. Mimi nikaangalia chini.

"Nimefika," alisema. "Ndiyo, niko naye hapahapa mwaloni. Mwenzangu, huku maji hayakatiki! Hata blanketi nililoleta limeshaanza kazi."

Akakata simu, akajifunika hadi mabegani.

"Mtandao unasumbua," akaniambia.