Trela Iliyotulia Mno

Arlen Skogstad hakuvumilia kitu kinachotikisika. Miaka thelathini na minne alichomelea maghala ya nafaka kule Dakota Kaskazini, juu kabisa, kwenye upepo, na nadhani huko ndiko alikomaliza hamu yake yote ya kuyumba. Alipostaafu akawa anakuja kukaa nasi jangwani Arizona kila majira ya baridi, wazee watupu, kila mmoja na trela aliyoivuta kwa pikapu. Nimekuwa jirani yake misimu kumi na moja. Nampenda, lakini anachosha.

Trela zetu hizi, chumba cha kulala kiko mbele, juu, pale pikapu inapounganishwa. Pikapu ikiondoka, mbele panabaki miguu miwili myembamba, na mtu akishuka kitandani vikombe vinagongana jikoni. Arlen akiona trela inanesa hapigi hodi, anapiga magoti. Anabana kabari za chuma katikati ya magurudumu, anafunga vyuma vya mshazari kwenye miguu, kisha anasukuma chini ya pua ya trela kigoda cha miguu mitatu alichokichomelea mwenyewe. Figa moja haliinjiki chungu, na kwa hilo sina ubishi naye.

Hivyo ndivyo alivyowafanyia akina Pruitt, Wendell na mkewe Marvella, walipofika kutoka Missouri mwanzoni mwa msimu, joto la kiangazi likiwa bado halijaisha. Alipomaliza alijaza kikombe kahawa hadi ukingoni, akakiweka mezani, akanituma nitembee kutoka kitandani hadi mlangoni. Mtu wa kazi hiyo siku zote ni mimi.

"Kanyaga, dada Fern. Usijibane."

"Nakanyaga. Na ukitaja uzito wangu, kahawa hiyo utaivaa."

Halikumwagika hata tone. Marvella alishukuru, maana amelelewa vizuri. Wendell alimshukuru Arlen mara tatu, kila mara kama ndiyo kwanza wanakutana. Akili ya Wendell ilikuwa imeanza kumtoka, na sote tulijua.

Siku ya nne, baada ya chakula cha mchana, Marvella alikuja kwangu bila viatu. Alikuwa amelala na mumewe, kaamka, kitanda kitupu, mlango wazi. Jua lilikuwa kali. Tulitawanyika kambi nzima tukimwita, na mimi roho ilikuwa mkononi, kwa sababu mzee wa miaka themanini hana saa nyingi kwenye joto lile bila maji. Arlen ndiye aliyempata, kwenye korongo kavu, ameketi kivulini, kandambili moja mguuni. Alikuwa anasubiri basi la kiwandani.

Jioni Arlen alikwenda kwa Marvella na kengele ya kufunga mlangoni. Marvella aliitazama, akamrudishia.

"Nikilala navua vifaa vyangu vya kusikilizia, shemeji. Hata bunduki siisikii."

"Basi tufunge mlango kwa ufunguo."

"Mume wangu si kuku. Miaka miwili sasa, akitia mguu chini tu, kitanda kinanesa, naamka. Sikujua kama ndicho kinachoniamsha. Nimejua leo."

Uso ulimshuka Arlen, na mimi niliyezoea kumcheka nilimwonea huruma. Alikuwa amemtia Wendell hatarini kwa mikono yake, kwa wema, bila kuuliza. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo, lakini gharama ya somo hili nusura ailipe mtu mwingine.

Asubuhi alikuja na spana. Kabari hakuzigusa, magurudumu yasije yakaondoka. Alifungua vyuma vya mshazari, akamwomba Marvella alale na avue vifaa vyake. Wendell alishuka kitandani. Marvella hakufumbua macho.

"Bado," nilimwambia Arlen, aliyekuwa nje, kupitia dirisha la chumbani.

Alirudi chini. Nilimsikia akihangaika na kile kigoda, kazi bora kuliko zote alizowahi kuchomelea, hadi kikatoka. Akaingia na vumbi lake, akajaza kikombe hadi ukingoni, akakiweka mezani.

"Wendell, kaka, nisogelee hapa mlangoni."

Wendell alitembea. Kahawa ilimwagika hatua ya kwanza. Huko juu Marvella, macho ameyafumba, masikio hayasikii lolote, aliinua kidole, kisha tena, na tena, kila mguu wa mumewe ulipogusa sakafu. Wendell alipofika mlangoni na kusimama, kidole nacho kikasimama.

"Yuko mlangoni," Marvella alisema.

Arlen alichukua kitambaa akaifuta kahawa mezani, taratibu, akageuza uso ili nisimwone.