Gari Lililolia Kila Likikata Kona

Niliacha shule kuwalea wadogo zangu wazazi walipofariki, kwa hiyo bosi wa gereji yetu ya Kariakoo aliposema, “Ukitibu gari hili linalolia, kesho unakuwa fundi kamili,” nililirukia papo hapo.

Mteja, mama mmoja mnene, alijipinda kitini akakata usukani. Nyii! Nikaapa ni boljointi, kile kiungo cha gurudumu la mbele. Nikang'oa matairi ya mbele, nikafungua kila kitu.

Mdogo wangu Neema akaleta chakula, akakaa kiti cha dereva, akageuka kunisalimia. Nyii!

Nikaweka spana chini. Gari lilikuwa juu ya jeki, na usukani hakuna aliyeugusa.

“Kaka, siti mpya hii mbona haijatolewa nailoni? Inalia ukijipinda.”

Bosi akanitazama mbele ya mteja. “Fundi, boljointi yako Neema kaikalia.”