Watoto wa Paka Niliowaficha Darini

Wiki iliyopita siafu waliingia jikoni kwa mkwe wangu hapa Kindu, na vijana wa nyumba wakawamwagia maji ya moto na mafuta ya taa. Nikawaambia, waacheni, watapita. Wakanicheka, eti kizee ana huruma na wadudu. Siku tatu wakawa wanaokota siafu vitandani, na mimi nimeketi zangu kibarazani natafuna karanga. Ila mawazo yalikuwa yamekwisha nirudisha mbali, na kwa kuwa wale hawana masikio, nakusimulia wewe.

Zamani, kabla reli haijafika na kabla Wazungu hawajajenga posta yao, nyumba ya bibi yangu ilikuwa nje kidogo ya mji, pale kijito kinapoingia Lualaba. Nilikaa naye tangu nilipoachishwa ziwa. Bibi, koko kama tunavyoita kwetu, alilima mpunga. Mbegu ya mpunga ililetwa na watu wa pwani. Nyuma ya mpunga wakaja panya, na nyuma ya panya ikabidi paka naye aje. Wetu alifika kutoka Kasongo ndani ya tenga, kichwani mwa mpagazi, akilia njia nzima. Yule mpagazi alisema ni afadhali angebeba pembe za ndovu.

Pale tulikuwa tumezungukwa. Mbele mto, na viboko wakikoroma mchana kutwa. Nyuma msitu, na tumbili waliojua siku ya kukomaa mahindi kuliko bibi mwenyewe. Kenge alitoka kijitoni kila asubuhi kutazama kama kuku ametaga. Kanu alikuja kwa ajili ya kuku wenyewe. Jioni kasuku walipita juu yetu makundi kwa makundi wakienda kulala visiwani, kwa kelele nyingi hata bibi akanyamaza mpaka wapite, kisha akaendelea na maneno yake pale pale alipoyaachia. Mimi nilidhani kila nyumba duniani huishi hivyo.

Paka mwenyewe alikuwa wa kijivu, mkia umekatika ncha, na hakuwa na jina. Paka alikuwa mmoja, jina la nini? Kazi yake ilikuwa kulinda ghala. Asubuhi alimpangia bibi panya mlangoni, mmoja, wawili, na bibi aliwatazama, akamwambia ahsante kwa adabu kabisa, kisha mimi ndiye niliyewatupa. Siku moja alikutana na kenge uso kwa uso penye kinu. Paka akajivimbisha, kenge akajivimbisha, wakatazamana mpaka wali ukaungua, maana bibi na mimi nasi tulikuwa tunatazama. Mwisho kenge ndiye aliyegeuka. Bibi akampa paka kichwa kizima cha samaki, sisi tukala ukoko kwa sombe, majani ya muhogo ya kutwanga, na nadhani sijakula chakula kitamu kuliko kile.

Lakini paka alizaa, na hapo ndipo ugomvi wangu na ulimwengu ulipoanzia, kwa sababu watoto wote walitolewa. Kwetu paka hauzwi. Anayemtaka huja na chumvi kidogo ndani ya jani, huiweka karibu na mafiga, halafu huchukua mtoto wa paka na kwenda zake. Bibi alikuwa na sharti moja tu: hakumtoa mtoto ambaye hajajua kula samaki mwenyewe. Watu walimsihi, wakaja na chumvi ya kujaza kiganja, na chumvi siku zile ilikuwa adimu. "Aache kwanza kutafuta mama yake," alisema, na maneno yakaishia hapo. Yeye mwenyewe aliletwa huku na msafara akiwa mtoto mdogo, kutoka upande wa mawio, na mama yake hakumwona tena. Hilo niliambiwa nikiwa mtu mzima. Wakati ule nilijua tu kwamba kila nilichokipenda kililetewa jani la chumvi kikaondoka.

Basi mvua za mwaka ule zilipoanza, tumbo la paka likanywea, na bibi akasema, "Amezaa. Mufuate, utuambie iko wapi." Nikamfuata. Alipanda darini, nikapanda. Nyuma ya vibuyu vya mbegu, ndani ya kapu bovu, walikuwamo watatu, macho hayajafunguka. Mmoja alikuwa na uso nusu mweusi na nusu mweupe, mpaka umepita katikati ya pua. Nilimpenda pale pale. Nikashuka, nikamwambia bibi kwamba paka alinipotea vichakani.

Njia ya mwongo ni fupi, wanasema, lakini yangu ilinifikisha hadi siku ya kumi na mbili. Kila siku niliiba kipande cha samaki mkavu, nikapanda nacho kwa mama yao. Watoto wale walikuwa wamekwisha ahidiwa hata kabla ya kuzaliwa: mmoja wa mwalimu wa Kurani, mmoja wa mvuvi aliyekuwa akituvusha mto, mmoja wa mama jirani. Huyu mama jirani alikuwa mrefu, mwenye sauti ya kuita mtu ng'ambo ya pili, na panya wa nyumbani kwake, alivyosema, walikuwa wakimtafuna visigino usingizini. Kila akipita alinisimamisha.

"Mutoto, paka ya koko yako, bado tu?"

"Bado, mama."

Alicheka, akaenda. Mimi nilimchukia kwa moyo wangu wote, na hakuwa amenikosea lolote isipokuwa kuuliza.

Siku yenyewe ilikuwa asubuhi ya mawingu, ardhi imelowa. Kwanza mende walitoka kwenye kuta, kisha panzi, kisha nyoka mdogo wa kijani aliyepita miguuni petu bila hata kututazama. Bibi aliweka ungo chini. "Wafagiaji njo hawa," akasema, yaani siafu ndio hao wanakuja, na alikuwa amefurahi. Kwetu siafu hawapigwi wala hawachomwi moto. Ukiwavuruga watatawanyika wakae siku tatu. Ukiwaachia nyumba watamaliza kabla ya jua kuzama, na hutaona panya, nge wala kupe kwa mwezi mzima. Tulitoa vyakula, tukatoa mikeka. Mama jirani alikuja mbio kutusaidia, akamfungua mbuzi.

Halafu likaja lile ambalo vijana wa leo hawalijui. Kabla ya kuacha nyumba, mwenye nyumba husimama mlangoni na kuuliza mara tatu, kwa sauti, ni roho gani imebaki ndani. Kila mtu hujibu alichotoa. Maana siafu hawampati anayeweza kukimbia. Humla aliyefungwa, anayelalia mayai, na mtoto asiyeweza kutembea.

"Iko roho gani imebakia mule ndani?" bibi aliuliza.

"Mbuzi niko naye," alijibu mama jirani.

Akauliza mara ya pili. Mara ya tatu alinitazama mimi, kwa kuwa nilikuwa sijajibu. Mama jirani alikuwa amesimama ubavuni pangu, kaniki yake inanigusa.

"Kuku iko huku, koko," nikasema.

Sikusema zaidi. Nilijiambia kwamba paka yuko juu pamoja nao, atawabeba mdomoni mmoja mmoja kama alivyozoea. Tukaketi mbali kidogo, na siafu wakaanza kupanda kuta, mstari mweusi, kisha ukuta wenyewe ukawa mweusi. Hapo ndipo nilipomwona paka. Alikuwa anatoka mtoni, ana samaki mdomoni. Alifika penye siafu, akainua mguu mmoja, akainua wa pili, akajaribu kuingia na akarudi akijing'ata miguu. Yule samaki akamwangusha. Akaanza kulia, na sijapata kusikia tena paka akilia hivyo.

"Iko nini huyu?" mama jirani aliuliza.

Nilisema huku nimetazama chini. "Watoto iko darini, koko. Iko tatu. Nyuma ya vibuyu."

"Tangu lini?"

"Tangu mwezi mupya."

Nilingoja kofi. Bibi hakunigusa. Alikwenda penye mafiga ya nje, akachota majivu yenye moto bado, akaanza kuyamwaga kuzunguka ukuta, yeye aliyekataza siafu wasivurugwe. Kuingia mlangoni haikuwezekana tena. Mama jirani alikuwa amekwisha jipaka majivu miguu na mikono, amefunga kaniki kiunoni, anatazama juu. Nyumba zetu hazikuwa ndefu, naye alikuwa mrefu.

"Paa njo mupya, koko," alisema.

Lilikuwa jipya kweli. Mwezi ule ule tulikuwa tumeliezeka, siku nne za kubeba majani mapana kutoka msituni, na mvua ndiyo kwanza zinaanza.

"Toboa," alisema bibi.

Mama jirani akapanda juu ya kinu, kutoka kwenye kinu akashika paa, akatoboa. Majani yalidondoka, na siafu pamoja nayo. Alipenyeza mikono yote miwili hadi mabegani, akapapasa, vibuyu vikaanguka ndani kimoja kimoja, nami nilivihesabu kwa kuwa sikuwa na jambo jingine la kufanya. Hatimaye akatoa kapu. Alinirushia mimi, si bibi, na mimi nikalidaka, siafu wakaniingia hadi kwapani. Watoto walikuwa hai wote watatu. Mmoja alikuwa na siafu wawili sikioni. Sikio lile lilikaa na pengo maisha yake yote.

Mama jirani aliruka chini, akakimbilia vichakani kuvua kaniki, na matusi aliyoyatoa huko bibi aliniziba masikio nisiyasikie. Aliporudi nilikaa naye alasiri nzima nikimtoa vichwa vya siafu mikononi, maana siafu ukimvuta mwili hukatika, kichwa hubaki kimeng'ata. Nilitoa vingi sana. Hakuniuliza kitu. Mimi ndiye niliyelia.

Jioni bibi aliniuliza, "Ulinisikia nikiuliza?"

"Nilikusikia."

"Basi."

Neno lile liliniuma kuliko fimbo. Usiku ule mvua ilinyesha kupitia tundu la paa, tukasogeza mkeka mara tatu, na bibi akalala usingizi wake mzuri tu.

Watoto wa paka walipojua kula samaki, mwalimu wa Kurani alikuja na chumvi yake, mvuvi akaja. Mama jirani alikuja wa mwisho. Bibi akasema, "Mutoto njo atatoa mwenyewe." Nilikwenda nikamchukua yule wa uso nusu kwa nusu, ambaye nilikuwa nimewanyima mwalimu na mvuvi, nikamweka mikononi mwa mama jirani. Mikono ilikuwa ingali na makovu. Alimgeuza huku na huku.

"Uso nusu? Na nusu ingine umeificha wapi?"

Nikacheka, mimi niliyekuwa nimejiandaa kulia. Tangu siku ile nyumba yake ilikuwa yangu. Niliingia bila hodi, nikamkuta paka juu ya mapaja yake, mnene, hana hata haja ya panya.

Mahali pale leo ni bohari za reli. Kijito kimefukiwa, kenge sijamwona miaka, na kasuku wakipita ni wachache, unaweza kuongea wakipita na mtu akakusikia. Bibi alifariki kitandani mwake, siku njema, kabla ya siku zile za bunduki ambapo Wazungu na watu wa pwani waligombania mto. Bunduki zilipokaribia, nilikuwa ukingoni na wengine tukingoja mtumbwi. Mama jirani aliondoka katika mtumbwi wa kwanza, kuelekea chini ya mto, na sikupata habari zake tena. Watu siku ile waliacha vinu, waliacha mitungi, waliacha mpunga umejaa ghalani. Yeye aliacha vyote hivyo, akapanda na tenga moja mapajani, na ndani ya tenga paka alikuwa akilia.