Tafuta Utando Kabla ya Kusema Buibui

Kosa nitakalokusimulia, mwanangu, ni la kutoa hukumu kwanza na kutazama baadaye. Ni kosa la watu wenye haraka, na mwanzoni mwa mwaka wa elfu mbili na nane karibu Nairobi nzima ilikuwa na haraka hiyo.

Nakumbuka asubuhi moja katika siku zile za ghasia za baada ya uchaguzi. Mimi na dada yangu Mwende, mwanawe mchanga akiwa mgongoni, tulikuwa tumekikimbia chumba chetu cha kupanga Lindi, kule Kibera. Alitupokea mwenye ploti mmoja wa Gatina, Kawangware, ambaye Mwende alikuwa akimfulia nguo: Mkikuyu, mwalimu mstaafu wa sayansi, aliyeitwa Mwalimu na wapangaji wake wote. Sisi ni Wakamba wa Machakos. Kumfungulia mlango mtu wa kabila jingine wakati ule halikuwa jambo dogo, nami nakuomba ulipime vizuri. Alituondolea magunia upande mmoja wa stoo yake ya makaa, tukatandika.

Kulipopambazuka, Mwende aliona kitu pembeni, mahali ukuta ulipolowa kwa maji ya tangi. Kilifanana na shungi la nywele nyeusi, na kilikuwa kikitikisika. Alipokisogelea, akaona ni miguu mitupu, mirefu, myembamba kama uzi. Kamau, kijana mpangaji wa chumba cha jirani, alichungulia mlangoni.

"Hao ni buibui wa sumu, sista," akasema. "Wakimuuma mtoto, hata hosi hamfiki."

Mwende akaanza kukunja leso zake. "Afadhali nirudi Lindi. Kule angalau najua kinachoniua."

Lindi ilikuwa bado inafuka moshi. Nilimwona dada yangu akimfunga mtoto mgongoni ili amrudishe huko, nami nikaamua kuwamaliza wale wadudu. Nilichukua chupa ya mafuta taa, gazeti na kibiriti. Sikujiuliza kijana mgeni anaonekanaje akiinama kwenye stoo ya makaa na chupa mkononi, katika siku ambazo watu walikuwa wakilala na viatu miguuni kwa kuogopa moto.

Kabla sijawasha, mlango ulijaa watu. Aliyenikamata ukosi ni Kamau yuleyule.

"Tumekukaribisha, boss, sasa unataka kutuchoma?"

"Nachoma buibui."

"Buibui, na chupa nzima ya mafuta?"

"Mtoeni nje," sauti ikasema nyuma, na haikuwa ya mzaha.

Ndipo Mwalimu akaja, amevaa gambuti zake za shambani. Wapangaji walimpisha kama wanafunzi waliochelewa. Aliichukua chupa, akainusa.

"Unachoma nini, kijana?"

"Buibui, Mwalimu. Wana sumu."

"Nani kasema?"

Nikamtazama Kamau. Kamau akatazama viatu vyake.

"Haya. Kundi lote hili la buibui, nionyesheni utando wao."

Tulitafuta. Hapakuwa na uzi hata mmoja. Mwalimu akamwinua mdudu mmoja kiganjani, akampa Kamau miwani yake aishike kama kioo cha kukuzia.

"Buibui ana kiuno: kichwa na kifua huku, tumbo kule. Huyu kiuno chake kiko wapi?"

"Hana, Mwalimu. Ni kama punje ya choroko iliyowekewa miguu."

"Macho?"

"Mawili. Yako juu ya kinundu."

"Buibui wengi wana manane. Huyu ana miguu minane kama buibui, basi mkampa na sumu. Hana sumu, na kufuma hajui. Ukimtisha, anakuachia mguu mmoja na kwenda zake."

Mdudu akafanya hivyo hasa. Mguu ulibaki kiganjani ukichezacheza, na mtoto mgongoni kwa Mwende akacheka. Watu nao wakacheka, hata yule wa nyuma.

"Na wewe Kamau," Mwalimu akasema, "ulipomwona huyu na chupa ukamwita mchomaji, ulitafuta utando? Na wewe, kijana, umeshika kibiriti juu ya makaa yangu. Leo mtapaka stoo hii chokaa, nyote wawili. Pembe ya wadudu muiache. Hao ni wapangaji wangu wa zamani, na hawajawahi kunipigia kelele."

Mwende alizikunjua leso zake. Tulikaa hapo mpaka mji ulipotulia, na Kamau ndiye aliyekuwa akimbeba mtoto kwenda kupimwa uzito kliniki.

Basi, mwanangu, ukiona miguu mirefu ukutani, tafuta utando, kisha tafuta kiuno. Ukimwona mtu na chupa, muulize ana kazi gani nayo. Siku zile tulikuwa hodari wa kutofautishana kwa jina na lafudhi, kila mtu akiwa amesimama mbali. Wewe sogea karibu kwanza.

Mungu akujalie macho yasiyo na pupa. Na siku utakayoshikwa ukosi bila hatia, akuletee mtu wa kuuliza swali kabla ya kusema neno. Kwangu alimleta Mwalimu Nyambura.